Breki Mbili Dhidi ya Mwajiriwa Mmoja

Chumba cha Uani,
Nyumbani kwa Dada,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Kumb. Na.: MLK/PKP/BRK/01

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Pikipiki,
Gereji za Nyuma ya Stendi.

Ndugu Mwenyekiti, mlezi wa mafundi na kimbilio letu sisi tunaosukuma,

KUH: LALAMIKO RASMI KUHUSU BREKI ZA KUUNGANISHWA, PAMOJA NA MWENENDO WA FUNDI ALIYEZITENGENEZA MARA TATU

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta ukiwa mzima, na zaidi ya hapo, ukiwa umeketi. Ni ndefu, lakini imepangwa.

Mimi ni kijana mwenye shahada ya kwanza ya Utawala na Takwimu, daraja la pili la juu. (Daraja la kwanza nililikosa kwa alama mbili, suala ambalo nalifuatilia kwa barua nyingine.) Kwa sasa ni Afisa Takwimu Msaidizi katika idara ya maji, kwa majaribio ya miezi mitatu. Majaribio hayo yanakoma kesho, Jumatatu. Nimekwisha kuchelewa mara tatu. Mkuu wa Idara, mama ambaye hajawahi kupandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji, ameniandikia kwamba nikisaini daftari la getini baada ya saa moja na nusu asubuhi kwa mara ya nne, hata kama ni kwa dakika moja, nisijisumbue kuingia ndani. Kwa hiyo kazi yangu inategemea pikipiki, pikipiki inategemea breki, na breki zimo mikononi mwa mwanachama wako. Ndipo nilipoona busara nianzie juu.

Usinidhanie mtu asiyejua taratibu. Katika wiki yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo, niliandaa Mwongozo wa Mavazi na Mwonekano wa Mtumishi, kurasa sita, nikaupeleka mezani kwa Mkuu wa Idara bila kuombwa. Aliusaini. Umebandikwa kwenye ubao wa getini mpaka leo. Kifungu cha nne, kinachompiga marufuku mtumishi wa ngazi yoyote, kwa udhuru wowote, kupita getini akiwa amevaa kandambili, ni changu tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Nalitaja jambo hili ili lieleweke vyema litakapohitajika katika Lalamiko la Tatu.

Sasa pikipiki yenyewe. Ni ya mjomba wangu, tarishi mstaafu, aliyesambaza mafaili ya serikali kwa miaka kumi na minane juu ya kiti kilekile, akiwa amevaa makubazi yaleyale. Miezi ya mwanzo nilikwenda kazini kwa lifti ya shemeji. Zamu yake ilipobadilika, wiki tano zilizopita, mjomba alinikabidhi pikipiki kwa sharti moja: nikishindwa kukaa nayo vizuri, itahamia kwa binamu yangu, ambaye hana shahada ila ana kuku.

Pikipiki za kawaida zina mpango unaoeleweka. Mkono una gurudumu lake la mbele, mguu una gurudumu lake la nyuma, na hakuna anayeingilia ofisi ya mwenzake. Hii ya mjomba ni ya zile zilizotengenezwa na watu waliofikiri kupita kiasi. Ukikanyaga pedeli ya mguu wa kulia, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba mawili, moja la kwenda nyuma na jingine la kwenda mbele, na magurudumu yote mawili hukamatwa kwa pamoja. Mjomba anasema huo ni usalama. Mimi nina maoni tofauti, nayo ni haya yafuatayo.

LALAMIKO LA KWANZA: Gurudumu la mbele kuadhibiwa bila kosa.

Pikipiki huondoka nyumbani vizuri kabisa. Ikifika kwenye kiwanda cha mbao huanza kuwa nzito, kana kwamba kuna mtu amepanda nyuma bila kuaga. Ikifika darajani hutoa harufu ya kitu kinachoungua. Ikifika mbele ya shule ya msingi hukataa. Hapo nikishuka na kuzigusa diski za breki, yale masahani ya chuma yaliyoko kwenye magurudumu, hukuta zote mbili zina moto wa kupigia pasi. Nimejaribu kwa mate, yalilia. Inanibidi nikae ukingoni mwa barabara dakika ishirini hadi zipoe. Wanafunzi hupita wakiniamkia, “Shikamoo mwalimu,” nami huitikia, kwa sababu kueleza kungechukua muda. Zikishapoa, pikipiki huenda tena kama haikuwa na neno nami.

Ninachokilalamikia hasa ni hiki: breki ya mkononi siigusi. Naapa kwa cheti changu. Hata ile ya mguuni naikanyaga kwenye makutano tu, tena kwa ustaarabu. Iweje basi gurudumu la mbele, ambalo halijaitwa, lichemke sawa na la nyuma? Nikiuliza naambiwa, “Zimeunganishwa.” Hilo si jibu. Hata katika familia tumeunganishwa, lakini binamu akila kuku mimi sishibi.

LALAMIKO LA PILI: Fundi kuvua viatu.

Niliipeleka pikipiki kwa fundi wa umoja wako ambaye wateja humwita Mama Nati. Nakiri kwamba sifa zake zilimtangulia. Wanasema akiisikia injini ikipita barabarani huku yeye yuko ndani anapiga mswaki, anakutajia kilicholegea. Nilitarajia vipimo. Badala yake, Ndugu Mwenyekiti, alivua viatu.

Ndiyo namna yake ya kazi. Hawezi kuijaribu pikipiki ya mtu akiwa na kitu mguuni. Huvua, huvipanga viatu pembeni ya ukuta, hupanda pekupeku, na kuuzunguka uwanja wa gereji mara tano akiwa amefumba jicho moja. Nilimwuliza msingi wa kitaalamu wa utaratibu huo. Akanijibu, “Mwanangu, mguu una masikio. Ukiufunika, unausikiliza muziki kupitia godoro.” Nimelitafuta jambo hilo katika maandiko niliyonayo. Halimo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimesimama kando katika viatu vyangu vya mahafali: vyeusi, vya kung’aa, vyenye ncha inayomtangulia mvaaji kwa karibu nusu shubiri. Ndivyo viatu pekee nilivyo navyo, kwa kuwa mwenye viatu vya namna ile hahitaji vingine. Dada yangu hupenda kusema kwamba viatu hivyo hufika kazini kabla yangu. Kwa hali ilivyo, natamani vingekuwa vinajua kusaini daftari.

Baada ya mizunguko mitano Mama Nati alishuka, akaigusa diski ya mbele kwa kiganja kizima, akasema, “Baridi kama pua ya mbwa. Haibani hii.” Hata hivyo, kwa kuniheshimu, alifungua kila kitu. Alisafisha pistoni zinazosukuma pedi, akamwaga mafuta ya breki ya zamani, akatia mapya, na akatoa upepo kwenye mabomba, akianza na la mbele na kumalizia na la nyuma, kwa maelezo kwamba katika breki za kuunganishwa upepo hujificha kwenye lile bomba la katikati kama mdaiwa. Nilimshukuru. Kesho yake nilikaa tena mbele ya shule ya msingi.

Nilirudi mara ya pili. Akachunguza kitundu kidogo ambacho mafuta ya breki hurudia baada ya mguu kuachia, kilikuwa wazi. Akapima kwa kidole jinsi pedeli inavyocheza kabla ya kukamata, ilikuwa sawa. Akavua viatu. Akazunguka. Baridi. Fundi wa banda la pili, jitu moja lisilo na adabu ya kazi, likapaza sauti, “Labda inamwogopa bosi!” Wakacheka mpaka muuza vipuri akatoka dukani kuuliza kuna nini, naye akasimuliwa, akacheka. Nimeambatisha orodha ya waliocheka, kwa mpangilio wa mabanda, kama Kielelezo A.

LALAMIKO LA TATU: Majibu ya kiofisi kutolewa kwenye boksi.

Katika ziara ya tatu nilikuja nimejiandaa. Nilimkabidhi Mama Nati taarifa ya kurasa nne yenye kichwa “Uchambuzi wa Mwenendo wa Breki,” ikiwa na utangulizi, mbinu, matokeo na mapendekezo. Alifuta mikono kwanza, nashukuru, akaishika. Kisha akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Nilidhani, na nadhani yeyote angedhani, kwamba alikuwa akivutiwa na viatu.

Akaanza kusema, “Mwanangu, hebu kwanza nikuulize, hivi wewe ukiwa unaendesha…” Hapo nilimwinulia kiganja kwa heshima zote. Nilimweleza kwamba ziara mbili za maelezo ya mdomo zimetufikisha tulipo, na kwamba kuanzia siku ile mawasiliano yote yafanyike kwa maandishi, ndani ya siku saba, ili kuepusha utata. Akaniambia, “Lakini ni kitu cha neno moja tu.” Nikamwambia hata neno moja liandikwe. Akasema, “Haya, msomi.”

Siku ya sita jibu lililetwa nyumbani na mteja wake mmoja. Lilikuwa kipande cha boksi la tyubu za baiskeli, kimechanwa kwa mkono, kimeandikwa kwa kalamu nene ya kuandikia bei:

NJOO NA KANDAMBILI.

Hakuna tarehe. Hakuna kumbukumbu namba. Hakuna saini, ila alama ya kidole gumba cha grisi, ambayo kisheria huenda ikakubalika lakini kiofisi haipendezi. Hiki ndicho Kielelezo B.

Nilikitafakari kielelezo hicho kwa siku mbili. Kwanza nilikisia kwamba kandambili ni kipuri, nikazunguka maduka matatu nikiulizia kandambili za pikipiki ya aina yangu. La kwanza walisema zimekwisha. La pili walisema zipo ila si halisi. La tatu mwenye duka aliniangalia, akaniuliza kama nyumbani wanajua nilipo, akanielekeza sokoni. Nikakisia pili kwamba Mama Nati ananitaka nije kufanya kazi za kuosha injini. Nikahitimisha mwisho, kwa masikitiko, kwamba ni tusi. Kati ya watu wote wa mji huu, anaambiwa avae kandambili yule yule aliyeziandikia kifungu cha nne! Siwezi kuamini kwamba hilo limetokea kwa bahati. Sikwenda.

LALAMIKO LA NNE: Pikipiki kubagua wasomi.

Hapa ndipo fani yangu inapoingia, nami naomba usikivu wako wote.

Kwa wiki tano nimetunza kumbukumbu za kila safari. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba Jumatatu hadi Ijumaa breki hubana. Jumapili, ninapoipeleka mtoni kuiosha nikiwa katika mavazi ya kuoshea, hazijawahi kubana hata mara moja, ingawa mto uko mbali kuliko ofisi. Hitimisho la awali lilikuwa kwamba pikipiki ina chuki na ajira.

Lakini mtafiti haishii hapo. Jumamosi moja binamu aliiazima akabeba magunia mawili ya chakula cha kuku, na mkewe juu ya magunia. Hazikubana. Nikamwomba fundi cherehani, jirani yetu, aiendeshe mpaka ofisini kwangu na kurudi. Alikwenda, akarudi, akasema, “Pikipiki tamu hii, ungeniuzia.” Hazikubana. Nikampigia simu mjomba.

“Mjomba, inanishika.”

“Inakushika? Hiyo haijawahi kumshika mtu. Umeifanya nini?”

“Nimeifanyia uchambuzi.”

“Basi ndiyo hiyo. Iache ipumzike. Binamu yako ameniuliza juzi kama bado unaihitaji.”

Nilipanga takwimu hizi katika jedwali. Mjomba: elimu ya watu wazima, diski baridi. Fundi cherehani: darasa la saba, diski baridi. Binamu: kidato cha pili, alipotekwa na kuku, diski baridi. Mimi: shahada, daraja la pili la juu, diski moto. Nikachora grafu. Mhimili wa chini ni Elimu, mhimili wa juu ni Joto la Diski. Mstari unalala, unalala, kisha unapanda wima kama mnazi. Katika miaka yangu yote ya masomo sijawahi kupata mstari wenye msimamo kama ule. Hitimisho halikwepeki: breki hizi hubana kadiri elimu ya dereva inavyoongezeka. Natetemeka nikifikiri ingekuwaje kama nisingekosa zile alama mbili.

LALAMIKO LA TANO: Athari kwa jamii kwa ujumla.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya pikipiki moja. Sivyo. Leo tunakubali mguu wa kulia ukamate gurudumu lisilo lake. Kesho idara ya maji itakanyaga pedeli yake na idara ya barabara isimame. Kesho kutwa mwalimu wa hesabu atakohoa na darasa la jiografia lifungwe. Hata ndani ya nyumba: dada atakunja uso jikoni na shemeji aliyeko sebuleni ashindwe kusogea. (Hili la mwisho, kwa uaminifu wa utafiti, tayari linatokea.) Kuunganisha ni kuzuri pale tu ambapo anayekanyaga ni mimi na ninajua kwamba nakanyaga.

LALAMIKO LA SITA: Kiatu.

Breki hizi zimeniharibia kiatu cha kulia. Soli yake imelika upande wa chini, nchani tu, mpaka imeachia na kufunuka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Cha kushoto hakina hata mkwaruzo. Naamini ni joto. Jana nilikipeleka kwa fundi viatu, akakigeuza, akakichungulia, akaniuliza, “Hiki ulikuwa unakanyagia nini?” Nikamjibu, “Ajira.” Ameahidi kwamba kitakuwa tayari kesho alfajiri.

MAOMBI

Kwa msingi wa hayo yote, naomba Umoja wako, kwa unyenyekevu lakini bila kuchelewa:

(a) utoe amri breki za mbele na za nyuma za pikipiki yangu zitenganishwe, kila moja ipewe bomba lake, na zisirudiane;

(b) umsimamishe Mama Nati na kulifunga banda lake hadi atakapohitimu mafunzo ya kujaribu pikipiki akiwa amevaa viatu, ikiwezekana viatu rasmi;

(c) upige marufuku breki za kuunganishwa katika eneo lote linaloonekana kutoka kwenye paa la ofisi yako;

(d) uunde tume ya uchunguzi ya watu saba. Niko tayari kuwa katibu. Muhtasari wa kikao cha kwanza nimekwisha kuuandika, unasubiri kikao tu;

(e) na hili ndilo la haraka, umwandikie Mkuu wangu wa Idara kabla ya saa moja na nusu kesho asubuhi, ukithibitisha kwamba zilizochelewa ni breki. Mimi binafsi nilikuwa nimeondoka nyumbani saa kumi na mbili kamili kila siku.

Ndugu Mwenyekiti, nimesomeshwa na dada anayeshona mashuka ya hospitali, aliyeuweka ushonaji wa nguo za harusi kando ili mimi nifike hapa. Jana alininyooshea shati la kesho mara mbili. Sikuweza kumwambia kwamba kesho si siku ya shati. Nimeona nikuambie wewe.

Naikomesha kalamu hapa kabla wino haujaanza kuwa na jazba. Nisalimie Makamu Mwenyekiti, Mtunza Hazina, mama wa chai ya saa nne, mafundi wa mabanda yote isipokuwa la pili, na yule mzee anayechomelea bila miwani, mwambie tunamwombea.

Ni mimi, mtii wa taratibu zote zilizopo na zitakazopendekezwa,

Afisa Takwimu Msaidizi
(wa majaribio, hadi kesho)

Viambatisho: Jedwali, Grafu, Orodha ya Waliocheka, Boksi.
Nakala: Mjomba, Jalada.

NYONGEZA BAADA YA SAINI
(Jumatatu, saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi, kibandani kwa bawabu, kwa kalamu ya kuazima)

Ndugu Mwenyekiti, kuna maendeleo.

Alfajiri nilimkuta fundi viatu ameshika kichwa. Gundi haikushika. Nilibaki na kiatu cha kushoto. Vya shemeji havinitoshi. Kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda, nilitia kiatu hicho kimoja kwenye mkoba, kwa ajili ya heshima, nikavaa kandambili za kuogea za dada, za rangi ya waridi, nikaondoka kwa nia ya kupita ofisini kwako nikakudondoshee barua hii.

Nilipita kiwanda cha mbao. Sikuhisi uzito. Nilifika darajani, harufu haikuwapo. Mbele ya shule ya msingi nilisimama kwa mazoea tu, nikashuka, nikagusa diski ya mbele. Ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Nikagusa ya nyuma. Pua ya mbwa wa pili. Nikaketi tena kwenye pikipiki, nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekaa mahali pake, na kidole gumba kimeishia upana wa kidole kimoja kabla ya pedeli.

Mtafiti haishii hapo. Nilitoa kiatu cha kushoto kwenye mkoba, nikakiweka pale pale mguu ulipokuwa. Ncha yake ililala juu ya pedeli kama kichwa cha mtoto juu ya mto. Nikakibonyeza kwa kidole, taratibu, kiasi cha uzito wa mguu unaopumzika. Gurudumu la mbele likashikwa. Na la nyuma.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa wiki tano nimekuwa nikikanyaga breki tangu nyumbani hadi kazini bila kujua, na kwa kuwa zimeunganishwa, nimekuwa nikizikanyaga zote mbili. Mama Nati asingeweza kuliona hilo kwa miguu mitupu, ila naona alikwisha kuliona kwa macho, na alikuwa anataka kuniambia, nikamwinulia kiganja. Naomba masahihisho yafuatayo. Katika Lalamiko la Nne, grafu ibaki kama ilivyo, kwani mstari ni sahihi kabisa; ila kwenye mhimili wa chini, palipoandikwa “Elimu” pasomwe “Urefu wa Kiatu.” Maombi (a) hadi (d) yasomwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kisha yaachwe. Ombi (b) naomba lisisomwe kabisa, hasa kwa sauti, hasa karibu na banda lake.

Ofisi yako nilikuta bado imefungwa, kwa kuwa nilifika mapema mno, jambo geni kwangu. Nikaja kazini. Nilikuwa getini saa moja na dakika tano.

Bawabu wetu ni mzee wa makamo, hana haraka. Alinitazama usoni, akashuka hadi miguuni, akapanda tena. “Afisa,” akasema, “hizo ni kandambili.” Nikamwambia ni dharura. Akaniuliza dharura iko kifungu cha ngapi. Akanipeleka mwenyewe kwenye ubao, akasimama nyuma yangu wakati nikisoma. Kifungu cha nne. Mtumishi wa ngazi yoyote, kwa udhuru wowote. Hakina mwanya hata wa kupitisha sindano. Nilimwonyesha kiatu cha kushoto. Akaniuliza kama nina mguu mmoja. Nilikiri kwamba nina miwili. Akasema, “Umeandika vizuri sana, mwanangu,” na niliona kwamba hakuwa anatania.

Aliitazama saa ya ukutani. Kisha akainama, akavua mabuti yake ya mvua, akayasukuma mbele yangu, yeye akaingiza miguu mitupu chini ya meza ambako hakuna mwongozo unaofika. Nimesaini daftari saa moja na dakika kumi na tisa. Mkuu wa Idara amepita sasa hivi. Ameitazama saini, ameyatazama mabuti, amesema, “Mapema leo,” akaenda zake. Ameniachia karatasi ya kuthibitishwa kazini. Nimeisoma mara tatu. Haina kosa hata moja. Kazi yangu ya kwanza kama mtumishi wa kudumu itakuwa kupendekeza marekebisho ya kifungu cha nne. Bawabu amekubali kuwa mjumbe wa kamati.

Barua hii nimefikiria kuichana, lakini imekwisha kupewa kumbukumbu namba, na nakala iko kwa mjomba. Naituma basi. Ukikutana na Mama Nati, tafadhali mfikishie kwamba jibu lake la maandishi nimelipokea, nimelielewa, na kwamba lilijitosheleza. Nitamwona Jumamosi saa nne asubuhi.

Nitakuja na kandambili.